Kodi iko chini lakini bima iko juu, sasa tunahama au tunabaki?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: zile jimbo zisizokata kodi ya mapato, kama Texas na Florida, je faida yake inabaki mfukoni au inaishia kwenye bima ya nyumba na ya gari? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu ndiyo imebeba hesabu yenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko Worcester, Massachusetts, mi ni nesi, yeye anaendesha lori, watoto wawili. Mapato yetu kwa pamoja ni kama dola 110,000 kwa mwaka. Shemeji yangu yuko Houston na kila akipiga simu anatuambia tunatupa hela, Texas hakuna kodi ya mapato, hameni. Nyumba yetu hapa ina thamani ya kama 450,000, bima yake 1,900 kwa mwaka, magari mawili 2,600. Kule tumeona nyumba ya 380,000 na tumeshapewa kotesheni ya bima, nyumba 4,600 na magari 3,900. Nilishtuka. Naomba utupigie hesabu. – Dada wa Worcester

JIBU: Dada yangu, kwanza hongera kwa kuomba kotesheni kabla ya kusaini chochote, wengi wanaiomba wakati maboksi yako tayari kwenye lori.

Shemeji hakudanganya. Massachusetts inakata asilimia 5 ya mapato, na kwa mapato yenu baada ya yale mapunguzo ya familia mnalipa karibu dola 5,000 kwa jimbo. Texas hiyo ni sifuri. Lakini serikali za kule lazima zile pia, na chakula chao kikubwa ni kodi ya majengo. Massachusetts miji mingi iko kwenye asilimia 1 na kidogo ya thamani ya nyumba, tuseme 1.3 kwenu, hiyo ni 5,850. Maeneo ya Houston ukijumlisha kaunti, shule, hospitali na chuo unakuta asilimia 2 na zaidi, na mitaa mipya yenye zile wilaya za maji wanazoziita MUD inaweza kwenda juu zaidi ya hapo. Kuna nafuu moja nzuri: Novemba 2025 wapiga kura wa Texas walipitisha kwamba nyumba unayoishi mwenyewe inapunguziwa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule (zamani ilikuwa 100,000). Kwa nyumba ya 380,000, tukichukulia asilimia 2.2 ambayo nusu yake ni shule, unapata kama 6,800. Hiyo punguzo haiji yenyewe, unajaza fomu, na kuna watu wanakaa miaka hawajajaza.

Sasa jumlisha. Worcester: kodi ya mapato 5,000, majengo 5,850, bima ya nyumba 1,900, magari 2,600, alafu kuna ile kodi ya gari ya kila mwaka ya Massachusetts, dola 25 kwa kila dola 1,000 ya thamani wanayoipangia wao, tuseme 400 kwa yote mawili. Jumla 15,750. Houston: mapato 0, majengo 6,800, bima ya nyumba 4,600, magari 3,900. Jumla 15,300.

Tofauti ni dola 450 kwa mwaka mzima!

Na hapo sijagusa kodi ya mauzo, Massachusetts ni 6.25 na Houston ni 8.25, na nguo za kawaida Massachusetts hawatozi lakini Texas wanatoza, watoto wawili wanaokua kila siku unajua mwenyewe mnanunua viatu mara ngapi. Mkinunua vitu vinavyotozwa vya dola 20,000 kwa mwaka, hizo asilimia 2 ni 400, kwa iyo ile faida yote ya kodi imebaki kama 50.

Lakini hicho sicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kinachonitia wasiwasi ni kitu ambacho hukukiandika kwenye barua na najua kwa nini hukukiandika, ni kwamba kwenye kotesheni kimewekwa chini huko kwa maandishi madogo. Naongelea didaktibo, ile hela unayotoa wewe kwanza kabla kampuni haijalipa kitu. Massachusetts mbali na bahari mara nyingi ni namba ya kawaida, dola 1,000 au 2,000. Texas kwa upepo na mvua ya mawe ni asilimia, na asilimia ya nini? Sio ya uharibifu, ni ya kiasi chote nyumba ilichokatiwa bima. Kama nyumba imekatiwa 350,000 na didaktibo ni asilimia 2, basi 7,000 za kwanza ni zako. Mvua ya mawe Texas sio hadithi, inapiga mara kwa mara na inaua mapaa. Paa likiharibika la dola 12,000, bima inakupa 5,000, wewe 7,000. Alafu angalia tena: paa linalipwa kwa bei ya kuweka jipya au kwa thamani lililobaki nayo baada ya kuchakaa? Kuna polisi (yaani mikataba ya bima) za bei nafuu ambazo paa likishazeeka wanakulipa ile thamani ya mtumba tu, ukitoa didaktibo unabaki na barua ya pole. Mpigie aliyekupa ile kotesheni ya 4,600 umuulize haya mawili leo, na majibu ayaandike.

Mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, popote Marekani. Kimbunga Harvey kilipokaa juu ya Houston Agosti 2017 nyumba nyingi zilizojaa maji hazikuwa na bima ya mafuriko, na nyingine hata hazikuwa kwenye eneo ambalo ramani ilisema ni la hatari, kwa iyo wenye nyumba hawakulazimishwa na benki na wao wakaona waokoe hela. Bima ya mafuriko ya serikali ya shirikisho ina mwisho wa dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na ukiinunua nje ya siku za kufunga mkopo wa nyumba inasubiri siku 30 ndiyo ianze, yaani huwezi kuinunua kimbunga kikishaonekana kwenye taarifa ya habari. Kwangu mimi Houston bila hiyo bima ni kukaa roho juu, iweke kwenye hesabu, na hapo zile 50 zimeshakufa na mnadaiwa.

Magari nayo, kuna jambo linalotugusa sisi wahamiaji hasa. Massachusetts inakataza kampuni kutumia alama zako za krediti (namba inayoonyesha unavyolipa madeni) kupanga bei ya bima ya gari. Texas inaruhusu, kwa gari na kwa nyumba. Mtu mwenye historia fupi ya krediti, ambaye anaendesha vizuri na hajawahi kugonga hata ndoo, anaweza kulipa zaidi kuliko jirani yake mwenye ajali. Kwa iyo kama mmoja wenu ana alama nzuri zaidi, ulizeni bei inakuwaje polisi ikiandikwa kwa jina la yeye kama mwenye polisi wa kwanza, na muulize kwa kampuni zaidi ya moja, tofauti huwa kubwa kweli.

Sasa maoni yangu. Kodi ya mapato inafuata mshahara wako, ukipunguziwa masaa nayo inapungua, ukikosa kazi inakwisha. Bima haikujui kama una kazi au huna. Inafuata paa, anga, bei ya mbao, bei ya fundi, bei ya zile kamera na sensa zilizomo kwenye bampa za magari ya siku hizi, na ikipanda 20 kwa mia mwakani hakuna ofisi ya kwenda kulalamika ikakuelewa. Mnapohama kutoka Massachusetts kwenda Texas mnabadilisha gharama inayojua hali yenu kwa gharama isiyoijua. Mtu anayepata 400,000 anaokoa 20,000 za kodi na bima yake ya gari haizidi yenu mara nne, yeye ahame hata kesho. Nyie kwa mapato yenu, kodi peke yake haitoshi kuwa sababu.

Sababu inaweza kuwa ile nyumba yenyewe, ambayo ni dola 70,000 chini, mkiuza ya huku mkabeba hiyo tofauti mkopo unapungua na hiyo ni hela ya kweli kila mwezi. Au shemeji atawasaidia na watoto, mjue bei ya kulelewa watoto Massachusetts jinsi ilivyo. Kama ni hayo, nendeni kwa amani, ila wekeni zile 7,000 za didaktibo kwenye akaunti ya peke yake kabla hata ya kununua makochi, na mwenye nyumba awape ripoti ya CLUE inayoonyesha madai ya bima yaliyowahi kufanywa kwenye ile nyumba kwa miaka 7. Nyumba iliyokwishadai mara tatu ina bei yake, na wewe ndiye utailipa. Mkiangalia za kuelekea baharini, kama Galveston, kule upepo mara nyingi unatolewa kwenye polisi ya kawaida na unanunuliwa peke yake, kwa iyo kotesheni moja inayoonekana rahisi haijakamilika.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 66, niko Pennsylvania, nimefanya kazi za kulea wazee miaka mingi na sasa nastaafu. Nitakuwa na Social Security (malipo ya uzeeni ya serikali) na pensheni ndogo. Wenzangu wa kanisani wanahamia Florida wanasema hakuna kodi. Niwafuate? – Mama wa Philadelphia

JIBU: Shikamoo mama. Pole na kazi, na hongera kwa kufika.

Jibu ni fupi. Pennsylvania haikati kodi kwenye Social Security, na haikati kwenye pensheni ya mtu aliyestaafu. Ile asilimia 3.07 ya jimbo na ile kodi ya mshahara ya Philadelphia uliyozoea kuiona kwenye stabu yako ya malipo kwako zilikuwa za mshahara, na wewe mshahara umekwisha. Kwa iyo kodi ya mapato unayoikimbia mama yangu tayari huidaiwi, ukienda Florida unaenda kuokoa sifuri, alafu unakutana na bima ya nyumba ya jimbo la vimbunga ukiwa na kipato ambacho hakikui. Kama unataka joto na wenzako wa kanisani, hayo ni mambo mazito na mimi siwezi kuyapima kwa dola, lakini basi panga kwanza mwaka mmoja, usinunue. Ukipanga, paa sio lako, unakata bima ya mpangaji ya vitu vyako tu ambayo ni hela kidogo. Gari utakata bima ya Florida na uangalie bei yake mapema, sio kule ukishafika.

Kitu kimoja tu ambacho Pennsylvania ni kibaya: kuna kodi ya mirathi, watoto wako wanatozwa asilimia 4.5 ya wanachorithi, Florida haina. Kama una mali kubwa ya kuwaachia hilo lijadili na wakili.

SWALI: Mjomba niko Tampa, Florida. Mkopo wangu wa nyumba una riba isiyobadilika, miaka 30, na nilidhani maana yake malipo hayabadiliki. Sasa nimeletewa barua malipo yamepanda dola 310 kwa mwezi! Nikipiga simu benki wanasema ni bima. Nimechoka, nataka niikate hii bima kabisa nibaki hivi hivi, wazazi wetu waliishi bila bima. – Kaka wa Tampa

JIBU: Kaka, usiikate. Una mkopo, na ukikata tu benki inakununulia bima yao wenyewe kwa nguvu, ambayo ni ghali kuliko hii unayoilalamikia na inalinda benki zaidi kuliko wewe, alafu bili wanakubandikia wewe.

Riba yako haijabadilika kweli. Kilichobadilika ni eskro, ile akaunti ambayo benki inakusanya kila mwezi hela ya bima na ya kodi ya majengo ikakulipia. Bima ikipanda, mwaka huo eskro inapungukiwa, kwa iyo mwaka unaofuata wanakudai vitu viwili kwa pamoja: ile bei mpya, na ule upungufu wa nyuma. Soma barua vizuri, kama upungufu ni kitu unachoweza kulipa kwa mkupuo ulipe, na zile 310 zitashuka mara moja.

Kodi ya majengo kwako sio mshukiwa. Kama umejiandikisha kwamba ndiyo makazi yako, sheria ya Florida inazuia thamani inayotozwa isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au mfumuko wa bei kama uko chini ya hapo. Ndio uone jinsi ilivyo: kodi imefungwa kamba, bima iko huru.

Cha kufanya ni hivi. Tafuta fundi aliyeidhinishwa afanye ukaguzi wa upepo, anaangalia paa limefungwa vipi kwenye kuta, misumari gani, madirisha yana kinga au hayana. Florida sheria inazitaka kampuni zitoe punguzo kwa vitu hivyo, na ripoti inadumu miaka 5. Kuna nyumba zina hizo sifa zote na mwenye nyumba hajawahi kupeleka karatasi, analipa bei ya nyumba dhaifu! Alafu kuna mpango wa jimbo unaitwa My Safe Florida Home, ukaguzi bure, na ruzuku hadi dola 10,000 ya kuimarisha paa na madirisha, fungu lake huisha haraka kwa iyo fuatilia lini wanafungua. Kama paa lako halijafika miaka 15 kampuni haitakiwi kukukataa kwa sababu ya umri wa paa peke yake, hiyo ilipitishwa 2022.

Mwaka huo huo Desemba walibadilisha pia sheria ya kesi za bima za nyumba, sababu Florida ilikuwa imejaa kesi kuliko majimbo mengine yote na kila kesi ilikuwa inaingia kwenye bei, juu ya hasara za kimbunga Ian na bei ya bima mtawanyo, ambayo ni bima kampuni za bima zinajikatia zenyewe. Kwa iyo usikae na kampuni moja kwa mazoea, tafuta wakala anayeuza za kampuni nyingi kila unapokaribia kuhuisha. Kama uko Citizens, ile kampuni ya bima ya jimbo, ujue kampuni binafsi ikikuletea ofa isiyozidi bei ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20 huruhusiwi kubaki, kwa iyo barua zao usizitupe bila kufungua.

Kupandisha didaktibo ya kimbunga kutoka asilimia 2 hadi 5 kutapunguza bei, ndio. Nyumba ya 300,000 hapo unatoka 6,000 kwenda 15,000. Kama hizo 15,000 huna sehemu, usifanye.

SWALI: Nasikia wanasiasa Florida wanataka kufuta kodi ya majengo kwa nyumba za kuishi. Wakifuta si ndio tutapumua hata bima ikipanda? – Msomaji, Orlando

JIBU: Inahitaji kubadili katiba ya jimbo na kura asilimia 60, lakini tuseme imepita. Hela utaiona, sikatai, mwaka wa kwanza utafurahi.

Ila fikiria hiyo kodi ilikuwa inalipa nini. Shule, polisi, zimamoto, mitaro. Sasa bei ya bima yako inapangwa na nini? Kuna kampuni inaitwa ISO inapima zimamoto ya kila mji kwa namba 1 hadi 10, 1 ndiyo nzuri, wanaangalia wafanyakazi, magari, maji ya kuzimia, na kampuni nyingi za bima zinatumia hiyo namba kukupangia bei. Mji ukifunga kituo, namba inaweza kuharibika, na mtaa mzima unalipa. Mafuriko ni hivyo hivyo: miji inayotumia hela kwenye mitaro, ramani na maeneo ya kupokea maji inapewa na mpango wa serikali ya shirikisho punguzo la asilimia 5 hadi 45 kwa wakazi wake kwenye bima ya mafuriko. Hiyo kazi inafanywa na watu wa halmashauri wanaolipwa kwa kodi.

Na kuna nyingine ambayo watu wa Florida wa zamani wanaikumbuka. Baada ya vimbunga vya 2004 na 2005 Citizens iliishiwa, na sheria inairuhusu ichangishe karibu wenye bima wote wa jimbo, hata wa bima ya gari, hata mtu ambaye hajawahi kuwa mteja wake. Watu walilipa mchango huo hadi 2015. Hiyo ni kodi iliyovaa nguo za bima, na hukuipigia kura.

Kwa iyo swali la kumuuliza mgombea akija mtaani kwenu ni hili: kituo cha zimamoto cha hapa kitalipwa na nani, na namba yetu ya ISO sasa hivi ni ngapi. Ya pili unaweza kumuuliza wakala wako wa bima hata leo, ataiona kwenye kompyuta yake.